Habari za Alhamisi

Vijana wangu, nimesikia kwamba siku hizi wakalimani mnapewa vikombe vyenye jina la ofisi na kofia za kukinga jua. Hongereni. Sisi tulipewa kiti, na hicho kiti cha ofisi ya usalama ya Bwera nilikokaa miaka yangu mingi kilikuwa na miguu mitatu mizima na mmoja wa kuombewa. Nimeombwa niwaandikie machache kuhusu kazi, basi naanza na kiti, kwa sababu wengi wenu mnakaa vibaya.

Kiti cha mkalimani huwekwa kando ya anayehojiwa, nyuma kidogo ya bega lake. Ukikaa mbele yake atakusoma uso na kuanza kusema yale anayodhani yatakupendeza. Ukikaa upande wa afisa atakuona afisa, na hutasikia la maana mpaka ustaafu. Kaa pale pembeni, fumba mdomo, subiri zamu yako. Na kojoa kabla ya kuanza. Mahojiano hayasimami kwa ajili ya mkalimani.

Haya alinifundisha mzee Thembo, mkalimani wa mahakama pale Kasese tangu mimi sijaota ndevu. Siku moja mtu aliyeshtakiwa kwa kung'oa mihogo ya jirani yake alikasirika, akasema kwa Kikonzo kwamba hakimu ana masikio ya mbuzi aliyenyeshewa. Thembo akageuka kwa hakimu, akalitoa lote kwa Kiingereza safi, mbuzi na mvua yake. Hakimu akamuuliza kama ni lazima. Thembo akajibu, "Mheshimiwa, amesema mbuzi, nami sina ruhusa ya kuleta kondoo." Nje akaniambia kwamba ukizoea kupunguza matusi ya watu utajikuta unapunguza na ushahidi wao. Nilicheka. Nilikuwa kijana, nilidhani anapiga soga tu.

Na jambo jingine mnalijua, mkalimani hasemi "yeye anasema". Anasema maneno ya mtu kama alivyoyasema. Mwaka wangu wa kwanza nilitafsiri ungamo la mwizi wa mbuzi mbele ya askari mgeni aliyeletwa kutoka mbali. Nikasema kwa sauti ya kutosha, "Niliingia zizini nikamchukua yule mweupe." Askari akanifunga pingu. Mwizi mwenyewe alinitetea, na ndiye mtu pekee aliyenitetea katika ofisi ile kwa miaka yote. Kwa hiyo kabla hujaanza, jieleze kwa kila aliyemo chumbani. Usione haya.

Sasa niwaambie kuhusu ofisi yetu. Kazi yake ilikuwa kujua mambo kabla hayajatokea. Mpaka wa Kongo uko pale karibu, milima ya Rwenzori iko nyuma, na miaka ile kila mtu alikuwa na hofu ya waasi wa msituni. Mkubwa wetu alikuwa afande mmoja aliyeletwa kutoka upande mwingine wa nchi. Jina lake nitaliacha lilale. Sisi tulimwita Kesho, maana karibu kila jambo alilijibu kwa neno hilo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye kalenda kubwa ukutani na Kiswahili cha jeshini. Kikonzo hakukijua hata salamu, ndiyo maana nilikuwepo.

Watu waliokuwa na habari walikuja, wakakaa kwenye benchi, wakaingia mmoja mmoja. Mimi nilitafsiri, afande alisikiliza, na mtu akipewa ahsante alipewa pia nauli ya kumrudisha kwao. Hiyo nauli ndiyo iliyotuharibia kazi. Soko kubwa la mpakani ni Ijumaa, na kila aliyetaka kwenda sokoni Ijumaa alikuwa na habari nzito Alhamisi. Jumatatu benchi lilikuwa tupu mpaka kuku walilipanda. Alhamisi lilijaa hadi nje, kila mmoja amewaona waasi, na wote wakiwa na vikapu vya sokoni miguuni.

Nilitafsiri mengi Alhamisi. Kulikuwa na mwanamume aliyemshtaki shemeji yake kila wiki, kwa kosa jipya kila wiki. Mwingine aliwaona waasi wamepanda ngamia huko juu mlimani. Afande akauliza ngamia walikuwa wa rangi gani. Yule bwana akafikiri, akasema hakuwaona vizuri, kulikuwa na ukungu. Akapewa nauli yake, akashukuru, akauliza kama wiki ijayo tutakuwepo.

Basi Kesho akaweka sheria. Nakumbuka alivyoitangaza, amesimama mlangoni na kijiti cha meno.

"Habari ya Alhamisi, yote, weka kando. Tutaangalia Jumatatu. Ile ya uongo itakuwa imekwisha kufa yenyewe."

Nisiwe mwongo, sheria ile ilitufaa. Tulipumzika. Ngamia hawakuonekana tena. Hata wakubwa wa Kampala walipokuja kutembea walimsifu kwa kupunguza kelele, na sisi tulimpigia makofi.

Mbambu alikuja Alhamisi.

Alikuwa mama mchuuzi wa samaki wa kukaushwa. Alikuwa akiwachukua Katunguru, pale darajani, akapanda nao kwa bodaboda hadi Kyondo kwa wakulima wa kahawa, halafu akashuka Bwera kulisubiri soko la Ijumaa. Hivyo ndivyo biashara yake ilivyozunguka. Kama alikuwa na la kutuambia, angepita kwetu Alhamisi au asingepita kabisa. Nilimfahamu kwa samaki wake tu. Ofisini hakuwahi kukanyaga.

Aliweka beseni chini, akakataa kukaa, akaniambia kwa Kikonzo nami nikamtolea afande kama alivyosema. Huko juu Kyondo, kwenye ghala la kahawa lililoachwa, kuna vijana wasiojulikana. Wana buti za mpira mpya, za aina moja wote. Walinunua beseni lake lote bila kupunguza bei hata kidogo.

Kesho akacheka. "Sasa huyo ni waasi ama ni watu ya pesa? Sema yeye, kununua samaki haiko makosa."

Nikamwambia. Mbambu hakucheka. Akasema mtu asiyepunguza bei hana mpango wa kurudi kununua tena. Halafu akasema lile lililomleta. Walimuuliza kuhusu kituo kidogo cha polisi kilichopo chini ya mlima, njiani kuja kwetu. Walitaka kujua Ijumaa askari wanabaki wangapi wenzao wakishuka kulinda soko.

"Pale nina mteja wangu," alisema. "Opio. Mwambie afande ampigie simu."

Konstebo Opio wengi tulimfahamu. Alitoka kaskazini, mrefu, mke wake na watoto wakikaa naye katika nyumba za askari. Ndiye askari pekee wa kituo kile aliyejisumbua kujifunza Kikonzo. Kila asubuhi alisimama barabarani akitoa salamu ya "Wabukire" kwa kila apitaye, mbuzi wakiwemo. Wanawake wa soko walimpenda kwa hilo, na Mbambu alimwekea samaki wake kando.

Nililitafsiri neno kwa neno. Nasema hivi kwa sababu baadaye kulikuwa na maneno mengi juu ya kilichosemwa. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, nyuma ya bega lake, na nililitoa lote.

Kesho akageuka kuitazama kalenda. "Leo ni siku gani?"

"Alhamisi, afande."

"Mupe nauli."

Na Mbambu akaikataa. Akasema hajaja kwa nauli, bodaboda yake inamsubiri nje. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kuona mtu akiikataa. Nilidhani afande atashtuka, kama nilivyoshtuka mimi. Badala yake alikunja uso, akaniambia, "Huyu anajifanya." Mbambu alibeba beseni lake, akanitazama mimi, si yeye, akasema, "Umemwambia kuhusu Ijumaa?" Nikamwambia nimemwambia.

Ijumaa mchana, soko limejaa, tuliuona moshi. Wenzake Opio walikuwa wameshuka sokoni kama kila Ijumaa, wakituongoza kwa filimbi sisi na mizigo yetu. Kituo kiliungua, bunduki zilichukuliwa, na Opio alikutwa mlangoni. Alikuwa amebaki peke yake. Nilimlilia Opio. Sina namna nyingine ya kusema. Mke wake aliondoka na lori la mizigo, magodoro juu, watoto juu ya magodoro, na wanawake wa soko walisimama pembeni mwa barabara bila kujua wamuage kwa lugha gani.

Jumatatu, kama sheria ilivyokuwa, tulizipitia habari za Alhamisi.

Tulikuwa wawili tu chumbani. Kesho alifuata kalenda kwa kidole hadi Alhamisi. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Hii ya mama wa samaki haikufika."

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka, na ofisi ile haikuwa na mazoea ya haraka. Redioni msemaji mmoja alieleza kwamba walikuwa majambazi wa kawaida, na kwamba hapakuwa na taarifa yoyote ya awali kutoka kwa wananchi. Aliwaomba wananchi waamke. Halafu ikaonekana majambazi wa kawaida hawatoshi kueleza kituo kilichoungua, akatakiwa mtu. Wakamchukua Mbambu. Kosa lake lilikuwa kuwauzia waasi chakula. Alikamatwa Katunguru, akiwa anachagua samaki.

Mimi na nyinyi tunajua angepelekwa wapi. Mtu wa kosa la namna hiyo hupelekwa Kampala, na kesi yake husubiri mpaka watoto wake wawe wakubwa.

Kisha kamati ikatumwa kutoka Kampala kuja kuchunguza, ikakaa katika ukumbi mmoja mjini Kasese. Na nani wa kutafsiri? Mkalimani wa Kikonzo aliyekwisha kuapishwa kwa kazi za usalama alikuwa mmoja.

Jioni ya kabla ya kikao Kesho aliniita. Chai ilikuwa ya maziwa, na kulikuwa na chapati. Nikajua mambo ni mabaya.

"Mzee Bwambale, kesho huyu mama atasema maneno mingi," akaanza. "Kamati haina wakati. Wewe fupisha."

"Nifupishe wapi, afande?"

"Pale inaporefuka."

Nikala chapati. Hapa ndipo nataka mnisikilize, enyi mnaosema kazi hii ni ya maneno tu. Kufupisha ni kazi halali, tunafanya kila siku. Mtu akirudia jambo mara nne unaweza kulisema mara moja. Hakuna ambaye angenishika. Kamati haikujua Kikonzo, Mbambu hakujua Kiingereza, na katikati yao nilikuwa mimi na kichwa changu cha kijivu, nikiwa na watoto wawili shuleni. Ningeondoa sentensi moja tu, na nyingine zote zingebaki za kweli. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu. Akaniuliza Opio alikuwa akitusalimia kwa lugha gani. Halafu akaenda zake kuosha vyombo.

Ukumbini walimleta Mbambu amevaa kanga ya mtu mwingine. Alikuwa amekonda. Niliweka kiti changu mahali pake, nyuma ya bega, na hakugeuka. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mpole, aliyeuliza vizuri. Kesho alikaa safu ya nyuma, mikono magotini, akinitazama.

Tulikwenda sawasawa. Samaki, ghala, buti, bei. Mwenyekiti akauliza, "Ulipowashuku watu hawa, ulimwambia nani?"

Nikatafsiri. Mbambu akageuka kwenye kiti chake, akanyoosha kidole, na kidole kile kilikuwa karibu na pua yangu.

"Huyu," akasema. "Siku ya Alhamisi. Na yeye akamwambia yule pale nyuma."

Mwenyekiti aliona kidole, lakini kidole si ushahidi mpaka kitafsiriwe. Wote wakanigeukia. Nikamkumbuka Thembo na mbuzi wake aliyenyeshewa. Nikasema kwa Kiingereza, bila kuongeza wala kupunguza, "Nilimwambia huyu mkalimani. Siku ya Alhamisi. Na yeye akamwambia yule afisa aliyekaa nyuma."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mkalimani, ni kweli?"

Sasa hilo hakulielekeza kwa Mbambu, na mkalimani hana sauti yake mwenyewe kikaoni. Nikasimama. Nikakitoa kiti changu pale nyuma ya bega lake, nikakiweka mbele ya meza, wanapokaa mashahidi, nikakikalia taratibu kwa mazoea ya ule mguu wa nne wa kiti cha Bwera. Nikasema, "Ni kweli. Alikuja, alisema, akapewa nauli akaikataa."

Kisha nikasubiri kuulizwa zaidi. Wajumbe walinong'onezana. Mmoja alisema kanuni haziruhusu mkalimani kuwa shahidi. Mwingine akauliza, kama nimekuwa shahidi, nani atamtafsiria yule mama haya ninayoyasema? Walitazamana. Hakukuwa na mtu. Wakaahirisha kwa chakula cha mchana, na kilikuwa wali na nyama.

Baada ya wali mwenyekiti alitangaza kwamba maneno yangu yamefutwa, na ya Mbambu yaliyopita katika kinywa changu yamefutwa pia, kwa kuwa mkalimani amepoteza sifa. Mchana wote uliobaki walizungumzia hali ya barabara.

Lakini watu wengi walikuwa wamesikia, na ukumbi wenye watu haufutiki. Wakubwa wakajikuta katika shida. Wakimpeleka Mbambu mahakamani, atanyoosha kidole tena, mbele ya mkalimani mwingine. Ikawa nafuu asiwepo. Siku chache baadaye walimtoa kwa mlango wa nyuma, karibu na jiko, wakamwambia kwamba hakuwahi kukamatwa, na kwa hiyo asiseme ameachiwa. Alirudi Katunguru kwa miguu yake. Niliposikia nilikaa chini nikacheka peke yangu kama mwehu, kwa furaha.

Na mimi? Kesho alijibu swali la mwisho la kamati kwa kusema kwamba ofisi yake haikuwahi kuwa na mkalimani. Nilirudi Bwera nikakuta kiti kimeondolewa. Miaka yote ile, kumbe, sikuwepo. Unga ukamwagika. Baadaye hospitali moja ilinichukua nikawatafsirie wagonjwa wa kutoka mpakani, na huko ndiko nilikostaafia, nikitafsiri vikohozi. Ripoti ya kamati sijawahi kumwona mtu aliyeisoma. Kesho alipandishwa cheo, akahamishwa. Sina kinyongo naye, ingawa mke wangu anasema ninacho.

Mnaniuliza kila mara kama nilishinda. Mbambu yuko huru, na hilo kwangu ni kubwa kuliko kiti. Lakini sikilizeni hili nililoliona mwenyewe, kisha mjijibu.

Ofisi ile ilipata afande mpya, kijana, mwenye heshima. Alifuta sheria ya Alhamisi, akafuta na nauli. Alizunguka masokoni akiwaomba watu walete habari siku yoyote, hata Jumapili. Siku moja, Alhamisi, nilikuwa Bwera kununua samaki nikamkuta amechutama mbele ya beseni la Mbambu, akimuuliza kwa upole kama huko juu Kyondo wiki hii ameona wageni.

Mbambu alimtazama. Kisha, bila kufikiri, alitazama kule mlimani, akatazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama mlima anaoupanda kila wiki. Nikasogea, nikasimama nyuma ya bega lake, mahali pangu pa zamani, nikasubiri aseme.

Hakunihitaji. Alijibu mwenyewe, kwa Kiswahili cha mpakani, huku akilifunika beseni.

"Afande, miye sijue kitu. Huku iko samaki tu."